Tuchukulie Kwamba Mabomba ni Mabovu

Siku ya gulio Dongobesh, harufu ya vitunguu saumu humpokea mtu kabla hajaliona turubai la kwanza. Hilda alipita katikati ya magunia, sweta lake la kijivu limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vifaa vya maji. Akatoa mkobani chombo cha chuma alichoazima maabara ya shule, akabana ukingo wa bomba la plastiki, akasoma kipimo, akaandika. Akabana upande wa pili. Akaandika tena. Alipofika kipimo cha saba, kijana mwenye meza aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Dada, hilo ni bomba," alisema. "Unavyolikagua hivyo, mtu atadhani umekuja kuliposa."

"Nataka kujua kama unene wake ni sawa pande zote."

"Ni sawa?"

"Sijamaliza."

Kijana akacheka, akavuta kigoda akamsogezea. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma na shati la buluu lililokunjwa mikono, safi kana kwamba vumbi la gulio lilikuwa limeambiwa lisimguse. Jina lake Mudathir, mtoto wa Mzee Adamu mwenye duka la vifaa pale mjini. Hilda alikuwa mwalimu wa hisabati. Mahesabu ya maji alijifunza mwenyewe, kwa vitabu alivyopakua kwenye simu, na kwa sababu hiyo kamati ya maji ya kitongoji kimoja cha Bashay ilimwomba awachagulie mabomba: kilomita nne, kutoka chemchemi ya mlimani mpaka kwenye vilula vya watu kuchotea na birika la ng'ombe bondeni.

Alipima mabomba kumi na mawili. Alipofunga daftari, kahawa ya Mudathir ilikuwa imepoa.

"Sasa?"

"Unene ni sawa."

"Alhamdulillah. Na mwenye meza hapimwi?"

Hilda akatazama chini, lakini Mudathir aliliona tabasamu.

Wakaanza kupigiana simu. Kwanza habari zilikuwa za maungio na gundi ya mabomba. Baadaye habari hazikuwa za chochote.

"Mwalimu wangu, umenikumbuka leo?"

"Nimekukumbuka."

"Sana?"

"Subiri nifikirie."

"Ya Rabi, hata hilo mpaka ulipigie hesabu," Mudathir alilalamika, na sauti yake ilionyesha kwamba asingependa iwe vinginevyo.

Siku alipomwambia kwamba anampenda, Hilda alimwomba siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alimpigia kabla ya kengele ya kwanza. "Nimefikiria," alisema. "Na mimi nakupenda. Nimejaribu kutafuta sababu ya kukataa, sikuipata." Mudathir alilirudia neno hilo dukani wiki nzima, mpaka baba yake akamwambia anyamaze auze misumari.

Ilichukua mwaka kwa wazazi kuzoeana. Mama yake Hilda alikuwa mtu wa jumuiya ya kanisa, na Mzee Adamu hakukosa swala. Lakini mzee alipanda mwenyewe mpaka Tlawi, nyumbani kwa kina Hilda, kwenye msiba wa bibi yake Hilda, akakaa chini na wanaume wengine kwenye baridi, shuka mabegani, tangu asubuhi mpaka jioni. Baada ya hapo baba yake Hilda hakuuliza tena maswali. Wakapanga Jumamosi ya posa.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, bomba la Bashay likapasuka.

Lilipasuka bondeni, likageuza njia ya ng'ombe kuwa tope. Wakaliunga. Siku ya tano likapasuka hatua chache juu yake. Wakaliunga tena, na wiki iliyofuata likapasuka mara ya tatu. Wanawake wakarudi na ndoo kwenye kijito cha zamani. Watu wakaanza kulitaja duka la Mzee Adamu, mabomba yalikotoka.

Mkutano ulifanyika uwanjani, siku mbili kabla ya posa. Mwenyekiti wa kijiji, Hermani, alisimama na kipande cha bomba kilichochanika mkononi. Mzee Adamu alikuwa ameitwa, naye akaja na kanzu yake na fimbo, akakaa kwenye benchi la mbele. Mudathir alisimama nyuma yake.

"Tumeuziwa makopo," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Tusitukanane," Hermani alisema. "Mwalimu yupo. Mwalimu, wewe ndiye uliyeyapima mabomba haya sokoni. Mbele ya watu, ni mazima au ni mabovu?"

Hilda akasimama. Unene aliupima, lakini unene hausemi kila kitu. Plastiki mbovu inaweza kuwa nene. Hakujua kilichokuwa kikilipasua bomba lile. Akamtazama Mzee Adamu, ambaye alikuwa amemwinulia uso kwa utulivu kabisa, kama mtu anayengoja kusikia jina lake likisomwa.

"Sijui bado," alisema.

Minong'ono ikapita uwanjani. Mzee Adamu akaushusha uso wake polepole, akatazama ncha ya fimbo. Mudathir hakuushusha wake. Aliendelea kumtazama Hilda mpaka mwingine aliposimama kuzungumza.

Kesho yake asubuhi Mudathir alipanda Tlawi kwa bodaboda. Hilda alikuwa ameshuka Bashay tangu alfajiri kuwauliza watu saa ambazo bomba lilipasuka. Mama yake alimkaribisha Mudathir sebuleni, akamwekea chai, akarudi jikoni kutazama maharage. Daftari la Hilda lilikuwa mezani, limefunguliwa. Mama aliporudi, kikombe cha chai kilikuwa bado kimejaa na mgeni hayupo.

Hilda akapiga simu jioni.

"Mama amesema ulipita."

"Nilipita."

"Mbona hukunisubiri?"

"Nilisoma daftari lako. Unisamehe, lilikuwa wazi."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Mstari wa kwanza." Akausema kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa. "Tuchukulie kwamba mabomba ya Mzee Adamu ni mabovu."

"Mudathir, hiyo ni njia ya kuthibitisha. Unaanza na kile unachotaka kukiangusha. Unakichukua kama kweli, unakifuata hatua kwa hatua mpaka kinajipinga chenyewe. Kikijipinga, umekishinda. Ungengoja ukurasa wa pili..."

"Kwa hiyo ulijua kwamba ni uongo."

Hilda angeweza kusema ndiyo; ingekuwa rahisi, na usiku ule wote angelala.

"Nilitamani uwe uongo," alisema. "Sikuwa nimejua."

"Umekula kwetu, Hilda. Umemwona baba akirudisha chenji ya mtoto mpaka nyumbani kwao. Ulihitaji ukurasa wa pili wa nini?"

"Wangeniamini vipi bila ukurasa wa pili?"

"Sikuwa nauliza habari zao." "Kesho hatutakuja. Mwambie baba yako, na umwombe radhi kwa niaba yetu."

Alimwambia. Hata hivyo Jumamosi baba yake alivaa koti lake la sikukuu, akakaa barazani akitazama njia. "Mtu anaweza kubadili mawazo akiwa kitandani," alisema, na mbuzi wa wageni akaendelea kufungwa pale uani. Ukungu ulipoanza kushuka alilivua koti mwenyewe, akalitundika, akaenda kumfungua mbuzi.

Hilda hakulia siku hiyo. Alirudi kwenye daftari, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Akaandika: kama mabomba ni mabovu, yatapasuka wakati presha ya maji yaliyotulia iko juu kuliko wakati wowote. Hiyo ni usiku, watu wote wamefunga vilula. Akaweka pembeni saa alizoambiwa na watu watatu tofauti. Saa saba mchana. Saa nane kasoro. Saa saba na nusu. Hakuna hata mara moja usiku, miezi yote minane tangu maji yafunguliwe. Dhana ikajipinga yenyewe, ikaanguka, na Hilda akabaki ameshika kalamu, maana neno alilolihitaji uwanjani lilikuwa limemjia siku mbili baadaye.

Saa saba mchana ni saa ya ng'ombe kumaliza kunywa.

Akaenda kwa Yoakimu, mtunza birika. Yoakimu alikuwa mtu makini. Kwenye birika lake hukuona tone likidondoka. Koki yake ilikuwa ya mkono, ya kufunga kwa pigo moja.

"Ng'ombe wa mwisho akiinua kichwa tu, naipiga, pa," Yoakimu alisema kwa fahari. "Sipotezi maji, Mwalimu. Maji haya tumeyahangaikia."

"Nionyeshe, kaka Yoakimu. Ila fungua nusu tu."

Hilda alikuwa amefunga geji ya presha aliyoazima kwa fundi. Yoakimu akaipiga koki. Mshale ukaruka kutoka tano na nusu mpaka saba na nusu, ukatetemeka, ukarudi. Bomba lile lilitengenezwa kuhimili sita.

"Ndani ya kilomita nne kuna tani tisa za maji yanayotembea," Hilda akamweleza. "Ukiyafungia mlango ghafla, hayana pa kwenda. Yanagonga, na mshindo unapanda bomba zima na kurudi, kila mchana, miezi minane, mpaka bomba likachoka. Sasa funga taratibu, uhesabu mpaka arobaini."

Yoakimu akafunga, akihesabu kwa sauti. Mshale ukapanda kidogo, haukufika sita. Akahesabu mpaka arobaini, akaendelea mpaka hamsini, kisha akakaa ukingoni mwa birika, akaivua kofia yake.

"Basi ni mkono wangu," alisema.

"Ni koki. Hakuna aliyekuambia."

Ilimchukua Hilda wiki mbili kurudia hesabu zote, kumpata fundi wa pili aje ashuhudie, na kuitisha mkutano pale birikani. Safari hii Hilda alisema kwa sauti iliyofika nyuma, na Yoakimu akasimama kando yake akarudia kufunga koki mbele ya geji. Hermani akaahidi kwenda mwenyewe kumwomba Mzee Adamu radhi. Lakini ilibidi amfuate mbali. Kwa siku zile watu walikuwa wakipita mbele ya duka wakitazama ng'ambo ya barabara, na mzee akalifunga, akahamia Basotu kwa ndugu zake, pamoja na mwanawe.

Hilda alikwenda wiki moja baada ya Hermani. Alivaa gauni la kitenge cha kijani ambalo Mudathir alipenda kumtania kwamba linamfanya aonekane kama mke wa mtu. Mashamba ya ngano yalikuwa yamevunwa, mabua matupu mpaka macho yanapoishia. Duka lilikuwa dogo, limetazama ziwa, nyavu zimening'inia mlangoni.

Mudathir alikuwa amekonda. Akamvutia kiti, akaagiza chai mbili kwa mama wa jirani aliyekuwa akikaanga samaki.

"Shikamoo yangu ifike kwa mzee," Hilda alisema.

"Itafika. Amelala. Tangu mwenyekiti aje, analala vizuri."

Hilda akamsogezea daftari. Mudathir akasoma kurasa zote tisa bila haraka, akiweka kidole chini ya kila mstari, hata pale palipojaa alama asizozijua. Kisha akalifunga.

"Nimeelewa," alisema. "Ulianza na uongo ili uuangushe. Ni njia nzuri. Nilikosea kuondoka bila kukusikiliza, nisamehe."

"Na mimi nilikosea kuandika jina la baba."

"Tumesameheana." Akatabasamu kidogo, na moyo wa Hilda ukaruka. "Nikuulize jambo moja. Ingekuwa dhana haikuanguka, je? Hesabu zingetoka upande wa pili, baba yangu kweli kauza makopo. Ungekuja?"

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa hajawahi kutoa jibu ambalo hajaliangalia ndani, na hili, kuliko yote, hakutaka kumpa likiwa tupu. Akawaza wanawake wa Bashay na ndoo zao. Akamwaza baba yake barazani. Akajiona akiingia kwa mlango huu huu, watu wakimnyooshea kidole, akikaa kwenye kiti hiki hiki. Akalitazama jambo hilo pande zote. Lilisimama.

"Ningekuja," alisema.

Alipoinua macho, Mudathir alikuwa akitazama ziwani. Mafuta ya maziwa juu ya chai yalikuwa yameganda.

"Najua ungekuja," alisema kwa upole. "Naliamini jibu lako, kwa sababu nimeona ulivyolitafuta. Lakini mimi, mwalimu wangu, ningeulizwa habari zako pale uwanjani, ningesema ni mzima kabla mwenyekiti hajamaliza swali. Na huenda ningekuwa nimekosea. Ningekosea nikiwa upande wako."

"Naweza kujifunza."

"Usijifunze. Watoto wa Bashay wanakunywa maji kwa sababu uko hivyo." Akafuta macho kwa ukingo wa kiganja, haraka. "Ila mimi nitakaa miaka yote nikingoja umalize kufikiria, na kila mara nitaogopa. Siwezi, Hilda. Nimejaribu, siwezi."

Hakumbembeleza. Alitafuta la kumpinga, akatafuta tena, na gari la kurudi likapiga honi barabarani.

"Ukifika unipigie," Mudathir alisema, kama alivyosema kila safari.

Alifika jioni, jua bado liko juu ya miti. Akapiga akiwa amesimama njiani, kabla hajaingia nyumbani.

"Nimefika."

"Haya. Namshukuru Mungu. Wasalimie wazazi."

"Watasikia."

Kule dukani Hilda alisikia mtu akiuliza nyavu za matundu madogo, na Mudathir akimjibu kwa sauti yake ya dukani, akimtania, akimtajia bei. Simu hakuikata. Hilda akasubiri. Akaja mteja mwingine, kisha mwingine, na sauti ikawa inakaribia na kuondoka. Ndipo Hilda akaelewa kwamba Mudathir alikuwa amemwachia yeye aikate.