Mdhamini wa Ishirini na Tano

Siku ya kurudisha fomu za ubunge, Mama Rogath aliamka vizuri tu. Alikunywa chai, akafungua duka lake la mabeseni Mtaa wa Msimbazi, akamwachia shemeji yake, akachukua bahasha. Ni jirani yetu, na anayebisha ataelekezwa duka.

Vyama viwili vikubwa vilikwenda na magari na matarumbeta. Chama chake, cha tatu kwa hesabu ya wanachama wake wenyewe, kilikuwa na mwavuli mmoja, na katibu, Abdulrazak, wa kuushika.

Fomu ilitaka wadhamini ishirini na watano, wapiga kura wa jimbo hilo, kila mmoja na namba ya kadi yake na dole gumba. Mwisho saa kumi kamili jioni. Bila hao, miaka miwili ya kuzunguka mitaani inakuwa matembezi. Alikuwa nao wote mpaka saa saba mchana, fundi viatu mmoja alipopiga simu.

"Dada, jina langu litoe. Mwenye fremu ninayopanga kaniuliza habari ya fomu hiyo mara mbili tangu jana."

Yeye na Abdulrazak wakaanza kuzunguka upya mitaa ya Mchafukoge. Huyu kasahau kadi, yule alijiandikisha Rombo, mwingine Masasi. Wengine walisikia jina la chama wakauliza kama ni kampuni ya mikopo.

Saa nane na nusu walipanda ghorofa moja la zamani ambalo lifti yake imegeuzwa kabati la mafagio. Juu kabisa, mlango mmoja ulikuwa wazi. Bibi kizee alikaa kwenye kiti cha plastiki, kadi ya mpiga kura mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmechelewa."

Mama Rogath aliikagua kadi mara tatu: picha, namba, jimbo, jina Zulekha. Hakumkagua mwenye kadi hata mara moja. Abdulrazak akamshika bibi kidole, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Wakishuka ngazi, Abdulrazak alikuwa akijifuta kiganja kwenye suruali, tena na tena.

"Mkono wake, mheshimiwa," alinong'ona. "Kama kitu kilichotolewa kwenye friji."

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa na feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kuangaliwa. Karani, kijana aitwaye Jovin, akaingiza namba moja moja kwenye kompyuta. Kwenye ya mwisho akasita.

"Mama, huyu amefariki. Miaka sita sasa."

"Nimetoka kwake sasa hivi."

Msimamizi akavua miwani. Alikuwa mtu wa upole wenye kuchosha.

"Hatubishani, mheshimiwa mgombea. Kama yu hai, aje mwenyewe kabla ya saa kumi, tusahihishe."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Abdulrazak alikataa kurudi kule. Alisema atabaki kulinda bahasha. Mama Rogath akaenda peke yake, viatu mkononi.

Saa tisa na nusu alikuwa ngazi ya mwisho.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kufuli lilikuwa na kutu. Juu ya kutu, utando wa buibui, mzima.

Akagonga. Akagonga tena.

"Unamtafuta nani?" Mlinzi wa stoo za chini alikuwa amemfuata.

"Bibi Zulekha."

"Tulimzika, mama. Humo hakai mtu."

Ndani, kiti cha plastiki kikaburuzwa sakafuni.

Mlinzi ndiye aliyetangulia kukimbia.

Mama Rogath alifika ofisini saa kumi kasoro dakika nne, amejiandaa kulia. Jovin hakumtazama usoni.

"Ameshakuja," alinong'ona. "Ameondoka sasa hivi."

"Limekwisha," alisema msimamizi kwa furaha. "Daftari limesahihishwa. Yule bibi yu hai."

"Kwa hiyo fomu imepita?"

"Wadhamini wamepita wote. Tatizo ni mgombea."

Jovin akageuza kompyuta. Jina lake. Picha yake. Namba yake. Amefariki. Leo, saa tisa na nusu.

"Mimi si huyu hapa?"

"Nakuona, mheshimiwa. Lakini marehemu hateuliwi. Unayo haki ya kukata rufaa."

"Nani akate?"

Msimamizi akapekua mwongozo. "Wewe mwenyewe. Au mrithi."

Saa ya ukutani ikafika kumi. Muhuri ukagongwa: IMEKATALIWA.

Abdulrazak hakuonekana, wala mwavuli. Getini askari akamzuia, akamsogezea kitabu cha wageni.

"Mama, ulisaini kuingia ulipokuja na yule bibi saa tisa na nusu. Saini na kutoka. Mwenzako ameshasaini."

Akainama asome. Mwandiko ulikuwa wake, mpaka ule mkia anaouvuta chini ya herufi R. Kwenye safu ya shughuli iliyomleta, alikuwa ameandika: Kumdhamini Zulekha.