Tawi Kavu Kwenye Njia Panda

Jambo ambalo Idman hakuligundua asubuhi ile lilikuwa dogo mno: tawi la mgunga alilolivuta na kulitupa kwenye njia panda halikuwa na jani hata moja. Aliiona miiba, akaona kwamba njia imefungika, akapangusa mikono. Majani hakuyafikiria.

Siku ilikuwa imeanza kama zile zilizoitangulia. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 1999, na Chama cha Mazingira cha shule yao kilikuwa kikitembea kwa miguu kutoka viungani mwa mji wa Garissa hadi Bura, kwa kuifuata njia ya msitu ulio kando ya Mto Tana. Baada ya swala ya alfajiri, kando ya kijiji walikolala, wasichana walichemsha chai ya maziwa, wavulana wakakunja maturubai, na Mwalimu Mursal akakagua nyayo za kila mtu kama zina malengelenge. Kisha wakagawanyika. Kundi la mbele lilikuwa la wakubwa, pamoja na Mwalimu na Abdow, askari wa akiba aliyebeba bunduki kuukuu kwa ajili ya nyati. Kundi la nyuma lilikuwa la wadogo. Hao waliongozwa na Nunow, shangazi yake Idman, ambaye watoto wote walimwita Eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali. Eeddo Nunow alimswaga punda aliyebeba maji ya safari. Hani, ambaye Idman ni dada yake mkubwa, alikuwa katika kundi hilo.

Makundi haya mawili yaliongozana kwa desturi ya wafugaji wanapohama. Kila walipofika njia panda, wa mbele walikata tawi bichi la miiba na kulilaza kwenye njia ambayo hawakuifuata. Wa nyuma wakiliona walijua: huku hapana, wenzetu wamepita kule. Tawi kavu halisemi kitu. Huenda lililazwa na watu wengine msimu mwingine. Huenda limeletwa na upepo. Kazi ya kukata matawi alipewa Idman, naye mwanzoni aliiona kuwa heshima. Kufikia asubuhi hiyo viganja vyake vilikuwa vimechanika, na mpini wa panga ulimchoma kama kaa la moto.

Msitu nao haukumpa raha. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha mwaka uliotangulia, lakini mto ulikuwa umeziacha alama zake juu ya vichwa vyao. Nyasi za mafuriko zilining'inia kwenye matawi ya mikuyu. Mahali pamoja, juu kuliko mtu yeyote angeweza kufika, palikuwa pamenasa gauni la mtoto, limepauka, likicheza pasipo upepo.

"Usiliangalie sana," Ruqiya, rafiki yake, alimwambia. "Mwenyewe atakuja kukuuliza unalitakia nini."

"Hebu niache na mambo yako."

"Mimi nimekuambia tu. Akija, mimi sikujui."

Mbele kidogo njia iligawanyika. Njia moja, pana, iliteremka kuelekea mtoni. Nyingine, nyembamba, iliendelea katikati ya mikoma, ile mitende ya mwituni. Abdow aliinyoshea kidevu ile pana. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikumpungukia.

"Huko chini ilikuwa na watu," alisema. "Maji ikakuja, halafu ugonjwa ya mifugo, halafu ugonjwa ya watu. Wenye walibaki wakahama. Sasa hakuna mtu. Ni kengele tu."

"Kengele gani?" Ruqiya aliuliza.

"Ya ngamia, ile ya mti. Inasikika. Ngamia hakuna."

Hakuna aliyecheka. Wote waliongeza mwendo kwenye njia nyembamba, na Idman akabaki nyuma peke yake na panga lake. Mgunga mbichi ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini kuufikia kulimtaka aipe mgongo ile njia pana. Alihisi kana kwamba mtu aliyesimama nyuma yake alikuwa anavuta pumzi. Karibu na mguu wake palikuwa na tawi lililoanguka zamani. Alilivuta, akalitupa kwenye njia pana, akakimbia.

"Umekata bichi?" Mwalimu alimuuliza alipowafikia.

"Ndiyo, Mwalimu."

Neno lilitoka laini, bila kigugumizi. Yeye mwenyewe alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Walifika kituoni adhuhuri, wakasafisha uwanja na kukusanya kuni. Wa nyuma hawakuonekana. Waliswali alasiri, na bado hawakuonekana. Vivuli vya mikoma vilirefuka mpaka vikagusa maturubai. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hakupenda kusimamasimama, alisimama kwenye njia mkono ukiwa juu ya macho.

"Huenda punda ameumia mguu," alisema hatimaye, "na Nunow amewarudisha watoto kijijini tulikolala. Abdow, tutafuata njia ya mifugo, ile ya juu inayopita nje ya msitu. Ni ya mkato. Tukienda haraka tutawakuta huko kabla giza halijaingia."

Ndipo sauti ikasikika. Ilitoka upande wa mto, mbali, kavu, ya mti kwa mti: kok, kok, kok. Ikanyamaza. Kisha ikaanza tena.

Mkono wa Ruqiya uliutafuta mkono wa Idman, na safari hii hakuwa na utani. Abdow alisoma dua kwa sauti ya chini. "Hiyo si mtu," alisema. "Wacha tuende."

"Hata angekuwa mtu, hawezi kuwa wa kwetu," Mwalimu alijibu, akifunga kamba za viatu. "Njia ile imefungwa. Idman mwenyewe ameifunga."

Idman aliona kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni: tawi la kijivu, miiba mitupu, Eeddo akiinama kulitazama. Aliliona bonde la mto jioni, wakati ndovu wanapoteremka kunywa maji. Akinyamaza, Mwalimu na Abdow wataondoka kwa njia ya juu, na hakuna atakayepita pale njia panda. Akinyamaza, pia, hakuna atakayejua. Kengele ikalia tena, polepole kuliko mwanzo.

"Mwalimu, sikukata."

"Hukukata nini?"

"Tawi. Nililaza kavu."

"Lakini ulisema umekata," Ruqiya alisema, akiuachia mkono wake.

"Nilisema uongo."

Mwalimu Mursal alimtazama, kisha akavitazama viganja vyake vilivyochanika. Abdow ndiye aliyeinua bunduki kwanza.

"Basi hiyo ni Nunow," alisema. "Sikiza vizuri. Inapiga, inachoka, inaanza tena. Jini haichoki. Hiyo ni mkono ya mtu."

Idman aliomba kwenda nao, na Mwalimu akakubali. Wengine waliachwa kuuchochea moto, na wale watatu wakarudi mbio hadi njia panda, wakalikuta tawi limesukumwa kando, wakaifuata njia pana. Miti ilifunguka ghafla. Pale palipokuwa na makazi zilibaki fito zilizopindwa, moja nyuma ya nyingine, kama mbavu za wanyama waliolala. Kando yake palikuwa na makaburi, kila moja limezungushiwa miiba. Abdow alipunguza mwendo, akawapa salamu waliolala pale. Hakuna aliyejibu ila kengele.

Ng'ambo ya makazi hayo mafuriko yalikuwa yameacha bwawa la tope. Punda alikuwa amezama mpaka tumboni, na Eeddo Nunow alikuwa amesimama ndani ya tope hilohilo, amekishika kichwa cha punda kisizame. Mtungi wa maji ulikuwa umepasuka. Watoto walikaa kwenye gogo, midomo imekauka, na katikati yao alikaa Hani, akiipiga kengele ya ngamia waliyoiokota kwenye zile fito. Alimwona dada yake, lakini mkono wake haukusimama.

"Basi, mama, wamefika," Eeddo alimwambia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele, na ndiyo maana wakaitumia kengele. Akamgeukia Mwalimu. "Mlipita wapi? Nilikuta tawi kavu pale juu. Nikasema, hili ni la watu wengine, wangu wangekata bichi. Nikashika njia pana, nikidhani ndiyo njia kuu."

Mwalimu alianza kukata majani ya mikoma ya kutandika juu ya tope, na jibu akamwachia Idman.

"Eeddo, lile lilikuwa langu," Idman alisema. "Niliogopa, na mikono iliniuma. Kisha nikamwambia Mwalimu kuwa nimekata."

"Wewe?" Hani aliuliza. Kengele ilianguka miguuni pake, na hakuiokota.

Walimtoa punda kwa kamba na majani ya mikoma, wote wakivuta, Idman akiwa mbele kabisa ndani ya tope. Mwalimu aliwapa watoto maji ya chupa yake, kila mmoja funda lake. Walipokuwa wakipanda kurudi, matawi makubwa yalivunjika nyuma yao, taratibu, upande wa mto. Hapakuwa na haja ya mtu kuuliza ni nini. Waliingia kituoni jua likizama.

Baada ya magharibi Eeddo Nunow alimwita Idman aketi karibu naye. Aliishika mikono yake, akaanza kuitoa miiba mmoja mmoja kwa ncha ya pini.

"Mkono unachoka," alisema. "Moyo nao unaogopa, hata mimi niliogopa mahali pale. Ungemwambia Mwalimu, angempa mwingine panga, na mambo yangekwisha. Lakini 'ndiyo' uliyoisema huko mbele, watoto hawa waliitembea kwa miguu yao. Mtu anayetangulia hana wa kumchungulia. Wa nyuma wana neno lake tu, na neno hilo wanaliamini kwa sababu hawana lingine. Leo umesema kweli kabla giza halijaingia, na ndiyo maana sote tuko hapa. Mara nyingine iseme mapema zaidi."

"Nimesikia, Eeddo."

"Sasa nenda kamwombe radhi mdogo wako. Mimi nimekwisha kukusamehe, yeye bado."

Baada ya safari ile, kila walipotaka kutembea mbali, Hani aliuliza kwanza ni nani anayetangulia. Akiambiwa ni Idman, alimtazama dada yake usoni, kisha akafunga viatu vyake. Idman hakulalamika kuulizwa. Muda mrefu ulipita kabla Hani hajaacha kuuliza.