Ndani, Nje, Karibu

Mshonaji wa mtaa wetu tulimwita Vipimo, na mwenyewe hakulipinga jina hilo. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu anapoamka, na akikutazama usoni ujue mabega ameshayapima. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, hana mume, hana mtoto. Alikuwa na cherehani moja ya miguu barazani na mama asiyeona katika chumba cha nyuma. Huo ulikuwa mwaka wa tatu mama yuko kitandani. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kufua mashuka, kushona sare za shule, kumgeuza tena. Haya nimeyapata kwa kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi yule ana domo, kichwa kimoja hukinyoa kwa hadithi tatu, lakini hii huisimulia taratibu na mashine huizima kabisa.

Chanzo kilikuwa dada yake mkubwa. Alikuja kuwatazama siku moja, akamkuta mdogo wake amesinzia juu ya cherehani, shavu limechorwa mshono.

"Mdogo wangu, wewe utatangulia kabla yake," dada akasema. "Tafuta kitu chako. Kisiwe cha mama, kisiwe cha wateja."

"Kama nini?"

"Si wenzio wanafuga ndege? Wengine wanapanda maua."

"Dada, nikiongeza kingine cha kulisha na kumwagilia nitalia."

Lakini neno lile lilimkaa. Akajiuliza anapenda nini, akaona hakuna anachokipenda kama kupima. Nguo za watu alishazipima mpaka kuchoka. Akaamua atapima hewa.

Usidhani alikurupuka. Alianza na duka kubwa la vifaa vya umeme. Kulikuwa na kipima hewa kimoja cha bei ya kutupwa, kina picha ya jua na wingu. Akakisimamia dakika kumi, jua linacheka kwenye kioo na nje mvua inapiga mabati. Akakirudisha. Kulikuwa na kingine cha maana hasa, kina vikombe vya upepo na kopo la mvua, kinazungumza hadi na simu. Kwa bei yake angenunua cherehani ya pili. Akakipapasa, akashukuru, akatoka.

Cha tatu alikikuta mezani kwa fundi redio, kimetumika. Kioo ukubwa wa daftari, betri mbili, na kidude kimoja cheupe cha kutundika nje. Hakijui upepo wala mvua; kinapima joto tu, basi. Kwa mtu anayeanza, kilimtosha.

"Kibovu hiki?" Vipimo akauliza.

"Hakina ubovu. Kimerudishwa tu."

"Kwa nini?"

Fundi akafuta kioo kwa kiganja. "Mwenyewe alisema hataki tena kukisoma. Mama mmoja hivi. Amechoka choka, kama wewe, usinielewe vibaya."

Kwenye kioo kulikuwa na nafasi tatu za namba, na mwenye nacho wa kwanza alibandika plasta pembeni ya kila moja, kaandika kwa kalamu: NDANI. NJE. KARIBU. Fundi akaeleza kwamba ya ndani inapimwa na kioo chenyewe, ya nje inapimwa na kile kidude cheupe. Ya tatu kidude chake kilipotea, kwa hiyo pale ataona mistari mitupu. Vipimo akaelewa: ndani ya nyumba, nje ya nyumba, na karibu na nyumba, labda uani. Wewe ungesomaje? Hata mimi ningesoma hivyo hivyo.

Akakitundika kidude kwenye ukuta usiopigwa na jua, usawa wa kifua, kama karatasi ilivyoagiza. Kioo akakiweka kwenye rafu chumbani kwa mama, apate kukitazama huku anamlisha. Asubuhi ya kwanza, saa moja, akafungua daftari jipya alilolipigia mistari mwenyewe.

Nafasi ya tatu haikuwa na mistari mitupu. Ilisema 14.0, na kando yake kulikuwa na kijiti kimoja cha mawasiliano, kama vile vya simu.

Kumi na nne, mji huu? Hata muuza barafu haipati kwenye sanduku lake likiwa wazi. Akajua ni kidude cha mtu mwingine kinaingiliana.

"Unanong'ona nini?" mama akauliza kitandani.

"Hali ya hewa, Mama."

"Si unisomee na mimi?"

"Ndani, ishirini na saba. Nje, ishirini na tisa. Karibu, kumi na nne."

Bibi kizee akatabasamu, jambo ambalo Vipimo hakuwa ameliona kwa miezi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Vipimo akacheka, akaona leo mama kaamka na utani wake. Akamlisha uji wote ukaisha.

Ikawa desturi yao. Saa moja asubuhi na saa nane mchana, ule mchana ambao mtaa unanyamaza na hata kinyozi anasinzia kwenye kiti cha wateja, Vipimo husoma kwa sauti na mama husikiliza kama anasikiliza redio. Jamani, Vipimo alifurahi. Alianza kulala vizuri kidogo. Alimwonyesha kinyozi daftari lake kana kwamba ni picha za wajukuu.

Wiki ya pili vijiti vikawa viwili.

Akazunguka nyumba za jirani akiuliza nani ana kipima hewa. Kinyozi alipanda hadi juu ya paa lake mwenyewe, akashuka na kiota cha njiwa. Hakuna aliyekuwa nacho. Wiki ya tatu vijiti vikawa vitatu, na namba haikusogea hata nukta. Jua liwake, mvua inyeshe, kumi na nne.

Siku moja akiwa amekaa na bakuli la mama, mama akasema, "Kile kigoda cha wateja kilete humu."

"Cha nini, Mama?"

"Cha mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Si huyo unayemkaribisha kila siku." Mama alishusha sauti, kama mtu asiyetaka kusikika uani. "Mwanzo alikuwa mbali, sasa amefika kwenye kamba ya nguo. Ana adabu, haingii bila kuambiwa. Ila mwanangu, mbona unamkaribisha halafu humfungulii?"

Kijiko kikabaki hewani. Vipimo akageuka kutazama kioo. NDANI. NJE. KARIBU. Akalisoma lile neno la tatu kwa mara ya kwanza.

"Mama," akanong'ona, "mimi nilikuwa nasoma tu."

"Mara mbili kwa siku, mwanangu. Hata wa mbali atafika."

Kesho yake aliapa hatalitamka. Saa nane mchana akasoma: ndani, ishirini na nane, nje, thelathini na moja. Akafunga daftari. Vipimo akatoka chumbani, akainama kwenye beseni kufua mashuka, mgongo unamuuma, macho mazito, akili iko kwenye sare ishirini alizoahidi za Jumatatu.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni. Taratibu, ya kistaarabu.

"Karibu!" akaitika, bila hata kuinua kichwa.

Ndivyo tulivyo. Mtu akibisha, ulimi unajibu kabla ya akili. Povu likamganda mikononi. Akainua kichwa. Barazani hapakuwa na mtu.

Akakimbilia chumba cha nyuma. Kwenye kioo, nafasi ya tatu ilikuwa na mistari mitupu. Ile ya ndani ilisoma ishirini na nne. Kisha kumi na tisa. Kisha kumi na sita.

Kumi na nne.

Pumzi ya mama ilitoka na ukungu. Kigoda, ambacho Vipimo hakukileta, kilikuwa kando ya kitanda. Kililia kidogo, kama kinavyolia mteja mzito anapokaa.

"Ameketi," mama akasema.

"Anataka nini?"

"Mgeni anataka nini? Kukaa."

"Nitamfukuza."

"Uliyemkaribisha kwa mdomo wako humfukuzi, mwanangu. Husindikizwa."

"Basi nitamsindikiza mimi."

"Wewe umechoka." Mkono wa mama ulipapasa hewani ukaipata futi shingoni mwa bintiye, ukaivuta kwa upole. "Mimi nimelala miaka mitatu. Nimepumzika vya kutosha. Acha niende naye."

Hapa ndipo palipomtafuna mpaka leo. Alijua anaulizwa nini, na alijua jibu la mtoto kwa mzazi ni lipi. Lakini miaka mitatu yote ikamwangukia mabegani dakika ile ile. Akarudi nyuma, akaegemea mlango, akateleza mpaka chini, akafumba macho.

"Haya, Mama," akasema.

Alisema kwa uchovu, hakusema kwa chuki. Lakini alisema.

Alipofumbua macho chumba kilikuwa na joto lake la kila siku. Mama amelala chali, ametulia, hapumui. Mashuka yamefunuliwa vizuri upande mmoja, na nyayo zake, zilizokuwa hazijagusa sakafu miaka mitatu, zina udongo wa uani.

Kwenye kioo, KARIBU ilisoma 36.6. Vijiti vinne. Kisha vitatu. Jua lilipozama kilikuwa kimebaki kijiti kimoja.

Walimzika mama. Dada mkubwa akasema kile kidude kitupwe, kinyozi akajitolea kukivunja kwa nyundo. Vipimo akawakatalia. Joto lile alilijua. Alilipima kwa kiganja usiku na mchana kwa miaka mitatu, kwenye paji la mama. Alikitazama kioo kimya kimya, midomo ameibana, na daftarini akaandika bila kusoma. Thelathini na tatu. Ishirini na nane. Ishirini na moja. Kila siku mama alizidi kupoa. Ilipofika kumi na nne, namba ikasimama.

Baadaye vijiti vikaanza kupanda. Viwili. Vitatu. Anaapa hakutamka neno, na mimi namwamini, maana siku hizo ukibisha kwake alikujibu "Ingia."

Ulikuwa mchana, saa nane. Kinyozi alikuja na aproni zake mbili apigiwe pindo. Vipimo alikuwa barazani, ameinamia gauni, pini saba amezibana midomoni kama washonaji wote wafanyavyo. Kinyozi akasimama kwenye kizingiti.

"Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka chumba cha nyuma.

"Ahsante, Ma—" kinyozi akaanza, kama alivyozoea kumjibu bibi yule miaka yote mitatu. Wakatazamana yeye na Vipimo. Pini zilikuwa bado midomoni mwake, zote saba.

Sauti ikasema tena, safari hii kwa upole zaidi, na haikuwa ikisema na kinyozi.

"Karibu, mwanangu. Umechoka. Njoo ukae."

Mtoto wa kike akiitwa na mamaye huitika "Abee." Hafikiri, huitika tu. Kinyozi aliona koo la Vipimo likipanda, kidevu kikashuka, midomo ikaanza kufunguka. Pini zikamchoma ulimi. Damu ikatoka, abee haikutoka. Hapo kinyozi alimshika mkono akamvuta mpaka barabarani, gauni la watu likiburuzika vumbini.

Hakurudi tena. Anaishi kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji, na bado anashona. Pini zile zilianguka kizingitini. Kinyozi aliziokota, akazitia kwenye kopo lake la wembe. Zimo mpaka leo. Alinipa moja niishike, na mchana ule ulikuwa wa jua kali. Nilimrudishia upesi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Dada yake anasema kila ikikaribia saa nane mchana, Vipimo huacha kazi, hutia pini mdomoni, na hukaa akitazama mlango. Hasemi na mtu mpaka saa tisa. Alimwuliza juzi, "Mdogo wangu, hizo pini utaziacha lini?"

Vipimo akazitoa moja moja, akazipanga gotini.

"Siku nitakayokuwa sijachoka," akasema. Halafu akazirudisha.