Mkono wa Chuma wa Khamadin

Khamadin alikuwa jirani yangu pale Djanet, mji wa jangwani, ukuta kwa ukuta. Haya nayasimulia kama yeye na mkewe Ghaisha walivyonisimulia, na Ghaisha si mwanamke wa kutia chumvi.

Asubuhi ile walikuwa kambini kwa binti yao Asalama, kwenye bonde la mbuzi, mwendo mrefu wa gari kutoka mjini. Walikuwa wamempelekea unga na sukari, maana mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa na mumewe alikuwa kazini kaskazini. Ghaisha alifukua mkate uliokuwa ukiiva chini ya mchanga wa moto, akaukung'uta majivu, wakala. Mbuzi walilia. Hapakuwa na upepo.

Khamadin alikuwa dereva wa jangwani tangu ujana, mpaka gari lilipompindukia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu, hata umchome sindano. Mwingine angejilaza kivulini akahesabu nzi. Yeye alimwendea shemeji yake Elwafi, fundi, na Elwafi akang'oa pedali zote za gari la Khamadin, akamchomelea mkono mmoja wa chuma kando ya usukani. Akiuvuta, gari linakwenda. Akiusukuma, linafunga breki. Kwa mkono huo Khamadin alipanda vilima vya mchanga ambavyo wenye miguu yao waliviogopa.

Siku hiyo mkono ulikuwa mgumu. Bahati nzuri Elwafi alikuwa amefuatana nao kambini.

"Umezeeka kukuzidi wewe," Elwafi alitania, akichungulia chini ya dashibodi.

"Uliuchomelea ukiwa na usingizi. Angalia vizuri, bwana."

Elwafi aliona grisi imeshikana na vumbi, imekuwa kama udongo. Aliikwangua yote, akaosha pini kwa mafuta ya taa, akairudisha kavu. Akaukagua waya unaokwenda kwenye injini kama umekunjika mahali. Ulikuwa umenyooka. Akazibadili springi. Mkono ukawa mwepesi, mtoto angeuvuta.

"Haya, mzee. Lete sadaka ya fundi."

Khamadin alikuwa bado anacheka pale Ghaisha alipotoka hemani alimokuwa Asalama. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Twendeni hospitali. Sasa hivi."

Walimlaza Asalama nyuma juu ya mablanketi, mama yake akakishika kichwa chake. Elwafi alimwinua Khamadin, akamweka kwenye usukani. Mtandao wa simu haukuwepo, na gari jingine halikuwepo.

Mwanzo lilikwenda vizuri. Wakatoka bondeni, wakaingia kwenye uwanda mweupe ambao watu wa huko hawaukatizi adhuhuri. Wanasema hiyo ndiyo saa ya Watu wa Upweke, majini wa jangwani. Khamadin aliijua habari hiyo tangu utotoni. Lakini kuuzunguka uwanda kungekula saa ambazo Asalama hakuwa nazo.

Katikati ya uwanda mkono ukaanza kukaza.

Akauvuta kwa nguvu. Gari likapunguza mwendo. Akauvuta kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Gari likasimama, injini ikinguruma taratibu.

"Baba," Asalama aliita kutoka nyuma. "Mbona tumesimama?"

"Tunaondoka, mwanangu. Tunaondoka sasa hivi."

Elwafi aliruka chini, akafungua boneti, akautoa waya. Kule kwenye injini kila kitu kilikuwa laini. Akafunga kamba pale ulipokuwa waya, akaipitisha dirishani, akampa shemeji yake ncha.

"Achana na mkono. Vuta kamba."

Khamadin alivuta. Kamba haikutoka hata inchi. Ilikuwa kama ameifunga kwenye mwamba. Akaiachia, akajipangusa jasho.

"Shemeji, legeza kidogo," Elwafi alisema nyuma ya boneti. "Umeikaza mno, itakatika."

"Nimeshaiachia."

Elwafi aliigusa kamba kwa kidole. Kisha akanong'ona, "Basi nani anaivuta?"

Khamadin alitazama. Ncha ya kamba ilikuwa angani, juu ya mapaja yake. Imenyooka. Inatetemeka.

Elwafi alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaketi mchangani, akajifunika uso kwa kilemba.

Nyuma, Asalama aliacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha Khamadin kuliko kamba.

"Ghaisha?"

"Anapoa," Ghaisha alisema. "Miguu yake inapoa. Fanya kitu! Wewe si baba yake?"

Akaushika mkono wa chuma. Ulikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kiganja. Akavuta, akalia, akamwomba Mungu, akatukana, akaomba tena. Mkono haukusogea.

Ndipo aliposikia sauti karibu kabisa na sikio. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeazima jembe kwa jirani.

"Miguu hiyo huitumii."

Hakugeuka. Aliwatazama Ghaisha na Asalama kwenye kioo. Uso wa binti yake ulikuwa rangi ya majivu.

"Tupe," sauti ikasema.

"Chukueni," Khamadin alinong'ona.

Kamba ikaanguka mapajani.

Alimpigia Elwafi kelele mpaka akainuka. Elwafi akarudisha waya, akajitupa ndani. Mkono ulikuwa mwepesi kama unyoya. Khamadin hakukumbuka tena barabara. Alikumbuka tu kwamba alivuta, na gari likaruka.

Madaktari walimpokea Asalama mlangoni. Jua lilikuwa bado halijazama muuguzi alipotoka kuwaambia kwamba mama yu hai na mtoto yu hai, msichana, ana sauti kubwa. Ghaisha alianguka sakafuni akishukuru. Elwafi alilia kama mtoto.

Khamadin alikuwa kwenye benchi pale walipomweka. Muuguzi alimpita, akasimama, akarudi.

"Huyu mzee ametembea kutoka wapi?"

"Hatembei, binti yangu," Ghaisha alisema. "Ni miaka sasa."

Muuguzi alipiga magoti, akamvua makubazi. Nyayo zilikuwa zimebabuka kwa mchanga wa moto, malengelenge yamepasuka. Kwenye kisigino cha kushoto mwiba ulikuwa umezama wote. Aliuchomoa. Khamadin hakuhisi kitu.

Asalama alirudi nyumbani na mwanawe. Elwafi aliliuza gari lile, na mpaka leo hagusi gari la mtu yeyote saa ya adhuhuri.

Nyayo za Khamadin zikaota sugu, nene, kama za mchungaji. Ghaisha hulala kando yake na hajawahi kumwona akiondoka kitandani. Lakini kila alfajiri humwosha miguu kabla wageni hawajaingia. Mara nyingi kinachotoka ni mchanga tu.

Asubuhi ya mwisho niliyokuwa jirani yao, mvua ilikuwa haijanyesha Djanet tangu mwaka uliotangulia. Ghaisha aliniita uani, akanionyesha beseni alilomwoshea miguu. Maji yalikuwa meusi kwa tope. Juu yake yalielea majani mabichi ya mti ambao mimi siujui, wala yeye.