Sauti Baada ya Wimbo wa Tatu

Mama yake Fundi alikuwa kiziwi kwa miaka tisa, tena kiziwi wa kutosikia hata radi, siku aliyoinua kichwa na kuuliza nani anamwita.

Ilikuwa Jumapili saa kumi alasiri, mchana mweupe, mlango wa karakana uko wazi. Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa watu wanne chumbani na watatu kati yao walikuwa wakipiga kelele, kwa hiyo swali la Mama likapita tu. Baadaye kila mmoja alikumbuka kwamba alilisikia, na kila mmoja alijilaumu kivyake.

Fundi alikuwa akitengeneza spika na amplifaya katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake. Alipenda muziki wa metali kuliko chakula, lakini tangu homa ilipomwibia Mama masikio, hakuwahi kwenda tamasha hata moja. Nani angemwacha mzee peke yake usiku, asiyesikia hata mlango ukivunjwa? Basi marafiki zake wawili walikuwa wakimletea tamasha nyumbani. Mmoja alikuwa Muuguzi, mwanamke mpole wa wodi ya wazazi, ambaye wajawazito wake wasingeamini wangemwona akirusha nywele mbele ya jukwaa. Wa pili alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeitwa Shingo, kwa sababu kila baada ya tamasha alifundisha wiki nzima bila kuweza kugeuza kichwa.

Kikao kilikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, aliyekwenda tamasha hasemi neno mpaka Jumapili, hata mkikutana njiani. Ya pili, anayesimulia anashika kipaza sauti kibovu cha Fundi, na asiyekishika anafunga mdomo. Ya tatu, rekodi ikichezwa na mwimbaji akiwauliza watu kitu, wote chumbani wanaitika kwa sauti yote, ili Fundi naye awe amehudhuria. Kanuni hiyo ya tatu ndiyo iliyowaponza.

Mama alikuwa mwanachama kamili. Alikaa kwenye kiti chake na kuweka kiganja juu ya spika kubwa, akapokea muziki kwa mkono. Akisema "hii ina miguu", wimbo ulikuwa mzuri. Akiondoa mkono na kuchukua ufumaji wake, bendi hiyo haikutajwa tena.

Jumapili hiyo Muuguzi ndiye aliyeanza kushika kipaza sauti.

"Wimbo wa kwanza niliusikia kwa magoti," alisema. "Zile ngoma za miguu, jamani, nilidhani moyo umehamia tumboni. Na mpiga gitaa amevaa soksi zenye matundu! Nimeziona kwa macho yangu. Lakini mkono wake ulivyokwenda, nilitamani kumpima mapigo."

"Besi je?" Fundi aliuliza, hakuvumilia.

"Huna kipaza sauti, wewe," Shingo akamkatiza, akakichukua. "Besi ilizama. Fundi mitambo wao alilala. Mimi nilipoteza kiatu kwenye lile duara la kusukumana, nikakipata. Si changu, lakini kinanitosha." Alisubiri wacheke, wakacheka. "Sasa sikilizeni. Baada ya wimbo wa tatu umeme ukakatika ukumbi mzima. Giza totoro. Watu elfu mbili tumesimama hatuonani. Ndipo jamaa mwimbaji akauliza. Weka, Fundi. Weka msikie wenyewe."

Fundi akaweka rekodi ya Shingo. Wimbo wa tatu ukakatika ghafla, watu wakaguna, mluzi mmoja ukapigwa na kunyamaza. Kisha ikaja sauti, nzito, yenye majimaji, isiyo na haraka.

"Mpo?"

"Tupo!" waliitika wote watatu, sambamba na ule umati wa kwenye rekodi.

Mama akauondoa mkono kwenye spika. "Nani huyo ananiita?" aliuliza.

"Rudisha!" Shingo alipiga kelele. "Rudisha hapo!"

Mtu wa nyimbo laini angeisikia sauti ile angezima kila kitu na kutoka nje. Lakini hawa walikuwa watu wa metali, wamezoea waimbaji wanaonguruma kama wanatapika mawe, na sauti kadiri inavyotisha ndivyo wanavyoisifu. Fundi aliikata ile sauti peke yake, akaisafisha, akaiongeza nguvu, akaifanya ijirudie. Wakaitika tena mara saba, wakicheka mpaka machozi. Fundi aliona kwamba taa za amplifaya zinazopima sauti hazipandi sauti ile inapotoka, akadhani zimeharibika. Mafundi husingizia taa kwanza.

"Lakini umeme si ulikuwa umekatika?" Muuguzi aliuliza wakati wa kuondoka. "Kipaza sauti chake kilifanyaje kazi?"

"Mapafu, dada yangu," alisema Shingo. "Yule ana mapafu."

Jumatatu karakana ilinuka waya ulioungua. Fundi alikagua kila plagi, akanusa kila kifaa, hakupata kilichoungua. Jumanne harufu ilihamia jikoni. Jumatano, alipotoka kununua risasi ya kulehemu na kurudi, alimkuta Mama karakanani amepiga magoti, sikio lake limebanwa kwenye spika iliyokuwa sakafuni, spika ya mteja, isiyo na waya hata mmoja. Alikuwa akitabasamu. Uso wake ulikuwa wa msichana, na jambo hilo lilimtisha Fundi kuliko harufu.

Akamgusa bega. Mama aliruka.

"Usinishtue! Nilikuwa namsikiliza."

Fundi alisimama mbele yake ili asome midomo. Mwenyewe hakujua kwa nini alikuwa akinong'ona. "Unamsikiliza nani, Mama?"

"Huyo wenu. Ananiita kwa jina langu la utotoni, lile aliloniita bibi yangu. Halafu ananiuliza kama nipo."

Jina hilo Fundi mwenyewe hakulijua. "Umemwitikia?"

"Nimwitikie mtu asiyetaja jina lake? Mimi nimelelewa." Kisha macho yake yakajaa. "Lakini anaita vizuri. Miaka tisa, mwanangu, hakuna aliyeniita. Nyinyi mnanigusa bega tu, kama mnabisha hodi kwenye mlango."

Fundi alikuwa amemlisha, amemvisha, amemkatalia kila mtu aliyesema ampeleke kwingine, na alijiona mwana mwema. Aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye masikio.

Alimpeleka jikoni, akarudi akaifuta rekodi. Alipobonyeza kufuta, zile spika mbovu zilizopangwa rafuni, nyingine zimepasuka karatasi, nyingine hazina hata sumaku, zilianza kutetemeka moja baada ya nyingine kuanzia mwisho wa rafu zikimjia, vumbi likiruka juu yake, na ile harufu ya waya ikamjaa kooni, na kabla hajaufikia mlango sauti ikatoka kwa zote kwa pamoja, chini sana, karibu sana, ikiuliza si "mpo" bali "upo", na Fundi akajua kwamba haimuulizi yeye.

Alimpigia Muuguzi. "Njoo," alisema. "Njoo na yule shangazi yako."

Shangazi yake Muuguzi alikuwa dobi, na watu walimwendea kwa nguo na kwa mambo mengine. Alifika kesho yake alasiri pamoja na Muuguzi na Shingo, vidole vyeupe kwa sabuni. Akavaa hedifoni, akasikiliza rekodi iliyobaki kwenye simu ya Shingo, akazivua upesi na kuyafuta masikio yake kwa upande wa nguo.

"Huyu si mwimbaji," alisema. "Huyu ni jini. Alikuwa anapita njia yake, akauliza kama kuna watu. Nanyi mkamkaribisha. Mara ngapi?"

Fundi na Muuguzi wakaangalia chini. Shingo akajibu kwa sauti ya mwanafunzi. "Ukumbini moja. Hapa nane. Jumla tisa."

"Hesabu huikosei, eh? Akili ndiyo uliyoikosa."

"Lakini Mama hakuitika," Fundi alinong'ona. "Mbona amemwendea yeye?"

"Nyinyi masikio yenu yamejaa makelele. Yeye ana nafasi." Shangazi alimtazama Mama, aliyekuwa akifuma kwa utulivu dirishani. "Nisikilize vizuri. Mama yako akiitika kwa kinywa chake, ameondoka naye. Mwili utabaki nao. Utaulisha, utauogesha, lakini utakuwa unatunza nyumba isiyo na mtu."

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuitamka. Wataicheza ile sauti palepale ilipokaribishwa, iulize mpaka ichoke, na asiitike mtu. Asikohoe wala asigune. Jini anayebisha nyumba ikawa kimya huondoka. Fundi akaandika kwa chaki kwenye kibao cha Mama: USIITIKE, HATA UKIITWA VIZURI. Mama akasoma, akafuta neno la mwisho kwa kidole, kisha akainamisha kichwa kukubali.

Wakafunga mlango. Shangazi akafukiza ubani. Fundi akakaa chini karibu na Mama, akamshika mikono yote miwili, akabonyeza.

"Mpo?"

Ni vigumu kumweleza mtu asiye mshabiki jinsi kunyamaza kule kulivyouma. Miaka ishirini kifua kimefundishwa kwamba kikiulizwa, kinajibu. Shingo alichukua pindo la kizibao chake cha jinzi, akajaza viraka vya bendi tatu mdomoni, akauma.

"Mpo?"

Harufu ya waya ikaushinda ubani. Fundi akaona kwamba simu imezimika, kioo kimekuwa cheusi, na sauti inaendelea bila simu, ikizunguka chumba ikipita nyuma ya visogo vyao kama mtu anayetafuta kiti, ikimwita Muuguzi kwa sauti ya mtoto mchanga, ikimwita Shingo kwa sauti ya umati wa watu elfu mbili, kisha ikashuka, ikalainika, ikawa sauti ya bibi kizee ikitamka jina fupi ambalo Fundi hakuwahi kulisikia, na midomo ya Mama ikafunguka, na Fundi, ambaye hakuruhusiwa kusema neno, akaweka uso wake mbele ya uso wa mama yake ili asione kitu kingine, akatikisa kichwa huku machozi yakimtoka, mara nyingi asizozihesabu, mpaka ile midomo ikafungwa tena.

Kitu kikapasuka. Ilikuwa spika kubwa, karatasi yake imechanika kutoka juu hadi chini. Ubani ukanuka ubani tu.

"Amekwenda," alisema Mama. Akaanza kulia kwa sauti kubwa, kama wanavyolia watu wasiosikia sauti zao wenyewe. "Kimya kimerudi. Jamani, kimya kimerudi."

Shangazi akakusanya vitu vyake. Mlangoni aligeuka.

"Huko ukumbini mlisema mlikuwa wangapi?"

"Elfu mbili," alijibu Shingo.

"Na wangapi walikuwa wanarekodi?"

Shingo akaitazama simu yake. Shangazi akahema. "Basi mwiteni mama yenu," alisema. "Mwiteni kila siku, mara kwa mara. Anayeitwa na watu wake hana haja ya kuwaitikia wageni."

Fundi alishika agizo hilo. Asubuhi, mchana na jioni aliacha chuma cha kulehemu mezani, akaenda kusimama mbele ya mama yake, akaita "Mama!" kwa midomo mipana. Naye alijibu, "Ee, mwanangu." Mwanzoni walicheka. Baadaye likawa jambo la nyumba. Mama alinenepa, akaanza kuwatania tena wateja. Muuguzi na Shingo nao waliita walipokuja, na ile kanuni ya tatu ilifutwa.

Miezi minne ikapita, bendi ileile ikarudi. Safari hii Shingo na Muuguzi waliogopa kwenda. Lakini mshabiki ni mshabiki. Jumapili baada ya tamasha Fundi alikaa karakanani na simu, sauti ameizima kabisa kwa tahadhari, akisoma tu watu wasiomjua walivyoliona tamasha. Mmoja alisifu ngoma. Mwingine alisema besi safari hii ilisikika mpaka maegesho ya magari. Fundi alitabasamu, akaendelea kusoma, adhuhuri ikapita. Jikoni Mama alikuwa anaosha vyombo. Alimsikia akigonganisha sufuria, akajisemea nitamwita nikimaliza huyu mmoja tu.

Kisha akafika kwenye kipande cha video cheusi, hakina picha, na maandishi chini yake: "Hii ni ya safari iliyopita, baada ya wimbo wa tatu. Nimeikata na kuiongeza nguvu. Sikilizeni sauti hiyo! Mwitikieni!"

Chini yake majibu yalikuwa mamia, na mengine yalikuwa yakiingia mbele ya macho yake. Tupo. Tupo. Tupo.

Hakubonyeza kitu. Sauti ya simu ilikuwa imezimwa. Karakana ilikuwa kimya, na kwa mbali, kama kutoka nyuma ya rafu, ikamjia harufu ya waya ulioungua.

Jikoni sufuria zikaacha kugongana.

"Mama!" Fundi alipiga kelele, akisahau kwamba hasikii, akiangusha kiti, akikimbia. Alimwona kwa mgongo, amesimama wima kwenye sinki, maji yanachuruzika, kichwa amekiinamisha kidogo kwa adabu, kama msichana aliyeitwa na mkubwa wake.

"Abee," alisema Mama. "Nipo."