Siku Eulalie Alipotetea Ulaya

Walikutana mtaa wa Nyawera, Bukavu, saa ile watu wanapokanyagana. Courant, umeme, ilikatika, na Eulalie, binti wa mtaa wa Muhumba, alibaki na nusu ya kazi yake ya chuo mkononi, nusu nyingine ikiwa bado ndani ya mashine ya kuchapisha. Alivaa kitenge cha kijani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa maringo. Zagabe, mwenye duka la jirani, kijana mrefu wa shati jeupe, akavuta waya kutoka kwenye jenereta yake.

"Unaandika nini yote hii, maman?"

"Nchi za Ulaya zikiungana na kuwa na sauti moja, Amerika itabaki na nguvu gani."

"Na sisi wa Bukavu tunaingia wapi?"

"Tunaingia pa kusoma. Washa mashine, papa."

Tangu siku hiyo simu haikupumzika. Umekula, chérie? Umefika, moyo wangu? Zagabe alimpeleka chuoni, akamrudisha, akamkinga na mvua na wahuni. Eulalie akampenda. Anayelindwa hulala vizuri, lakini mlinzi akishazoea, anaanza kukuchagulia upande wa kulalia.

Jumapili moja, Misa imekwisha, Zagabe alikuja na uso unaong'aa.

"Nimepanga na batonton, wajomba zako. Ndoa iko mwezi ujao, kisha tunahamia Uvira kwenye depo yangu mpya ya bidhaa. Nyumba nimekwisha kupata."

"Chuo kimesema nikitetea kazi yangu vizuri nitabaki kufundisha. Unajua."

"Utafundisha watoto wetu."

"Zagabe, uliniuliza?"

"Mimi nakulinda tangu siku ya kwanza, nikuulize nini tena?"

"Basi wewe iko Amerika kabisa. Unalinda nyumba ya mwenzako, halafu unakalia kiti cha baba."

"Kama mimi ni Amerika, jilinde."

Akaenda zake. Simu ikanyamaza. Eulalie alisali rozari, akalia kidogo juu ya sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Mungu hamsomei mtu masomo yake.

Siku ya kutetea kazi ilipofika, ukumbi ulijaa. Mama yake, Maman Sophie, alikaa mbele na poda tele ndani ya mkoba, kwa maana kwetu anayefaulu hupakwa weupe. Eulalie alisema vizuri mpaka Professeur Théodore, mkubwa wa walimu, akavua miwani.

"Mademoiselle, Ulaya ikisimama, Amerika si inaanguka?"

Wakati huohuo mlango ukafunguka. Zagabe aliingia, akasimama nyuma. Eulalie akamwona. Angeweza kulainisha jibu. Hakulainisha.

"Itapoteza kitu, Professeur. Itapoteza kuamua peke yake, na hiyo inauma. Lakini leo wengi wanaiitikia kwa sababu wanaogopa, na ndiyo ya mwoga haina uzito. Ulaya ikiweza kusema hapana, ndipo ndiyo yake itaifaa Amerika."

"Na hizo nchi za Ulaya zitaungana kweli?"

"Zinasuasua. Kila moja inataka kubaki bwana kwake, kama wake wenza jikoni."

Ukumbi ukacheka. Walimu wakatoka kushauriana, wakarudi: grande distinction, alama za juu, na chuo kimepata mwalimu. Vigelegele vikapasua hewa, poda ikaruka, Eulalie akawa mweupe kama keki ya harusi.

Zagabe alipenya kati ya mashangazi.

"Maneno yako ya kiti cha baba yalinikaa, nimepigia tonton simu asubuhi. Ile tarehe nimeivunja, haikuwa yako. Sasa nauliza, na unaweza kukataa. Utakubali tuoane?"

"Na Uvira?"

"Ndugu yangu atasimamia depo. Mimi nakaa hapa, nitakuwa nashuka Uvira na kupanda."

Eulalie alijipangusa poda machoni.

"Nakubali. Lakini tarehe naweka mimi."

"Ndiyo."

"Usikimbilie ndiyo. Bishana kidogo."

Zagabe akafikiri. "Basi isiangukie Kwaresima."

"Hapo tumeungana," Eulalie akasema, na poda yote iliyobaki akammwagia kichwani, mbele ya mama yake na walimu wote.