Viatu vya Nibaran

Msiamini mkitaka, lakini rafiki yangu Nibaran hakuwa mtu wa kuongopa. Alikuwa mpakuzi wa shehena za meli bandarini Kalkuta, enzi za Waingereza. Sheria yao ilikuwa kali: meli ya baruti itie nanga mbali, ipeperushe bendera nyekundu, na asiipande mtu mwenye moto wala viatu vya misumari. Cheche moja ingetosha.

Siku moja meli kama hiyo ilipofika, Nibaran aliviacha vyake gatini kwa mlinzi, Gofur.

“Vinanuka hivi, kaka, nani atakuibia?” Gofur akamtania.

Alipelekwa kwa mashua hadi melini kukaza kamba za mapipa ya baruti. Ngamani, chini tumboni mwa meli, mlikuwa na giza totoro, kwani hata taa ilikuwa marufuku. Akiwa anapapasa, akasikia ko, ko, ko: misumari juu ya mbao.

“Wewe! Vua viatu, utatuua!”

Hatua zikamjia, zikasimama mbele yake. Hakusikia pumzi.

Alipanda ngazi mbio, akapigiwa makasia hadi gatini. Viatu vilikuwa palepale, miguuni pa Gofur.

“Nani kavigusa?”

“Nani tena, kaka? Mimi sijabanduka hapa.”

Nibaran akaviinua. Ndani vilikuwa na joto, kama vimevuliwa sasa hivi, na kila msumari ulikuwa umeshika unga mweusi wa baruti.